Kuingia kwa Kidole, Kutoka kwa Safari

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani katika mkutano wao wa mwaka, Mbegani)



Katibu aliponiandikia kwamba safari hii zamu ya kuzungumza ni yangu, nilikusudia kuwaeleza habari za maghofu ya Kaole, maana tuko jirani nayo hapa, na wengi wetu tangu tulipopelekwa pale kwa miguu na mwalimu wa Historia hatujarudi tena. Karatasi zake ninazo mfukoni. Lakini asubuhi hii, Katibu alipokuwa akisoma majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, nasi tumesimama kimya, simu zililia mara tano. Nilihesabu. Ya tano ilikuwa yangu. Niliichomoa kwa aibu nikidhani ni msiba mwingine, kumbe ni ujumbe unaoniuliza kama naweza kubashiri timu gani itashinda leo usiku huko Uingereza, nijibu A au B, kwa shilingi 150 tu.

Basi Kaole imengoja karne nyingi. Itangoja mwaka mmoja zaidi. Leo nitasema habari za ujumbe huo na jamaa zake wote, yaani hizi huduma tunazojikuta tumeungwa bila kujua tumeungwa lini, na kazi ya kujitoa.

Wengi wenu mnajua kwamba maisha yangu yote ya kazi niliyamaliza nyuma ya dirisha la posta. Niliajiriwa wakati posta na simu zilikuwa bado za Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, tukawa shirika la Tanzania peke yake, na miaka ya tisini shirika lenyewe likagawanywa, barua huku na simu kule. Kwa hiyo habari za watu kulipia kitu kila mwezi si ngeni kwangu. Nimekata risiti za masanduku ya barua mpaka dole gumba likaota sugu.

Nawaombeni mkumbuke mambo yalivyokuwa. Mtu akitaka gazeti la Uhuru au Mzalendo, au jarida la Nchi Yetu, limfikie kijijini, alituma fedha ya miezi sita au ya mwaka. Muda ukiisha, gazeti linakoma. Halikuletwa tena mpaka ulipe tena. Anayetaka kuacha hakuwa na kazi yoyote ya kufanya: alikaa kimya, basi, ameacha. Ukimya wa mtu ulikuwa na maana ya hapana. Sanduku la posta lilikuwa hivyo hivyo. Usipolipa, linafungwa, anapewa mwingine.

Simu ya mezani, kazi ilikuwa kuipata. Watu waliandika maombi, wakangoja miaka, wakaoa, wakazaa, simu haijaja. Lakini kuirudisha ilikuwa barua moja na fundi mmoja mwenye ngazi. Leo mambo yamegeuka miguu juu. Kuingia ni kubonyeza kidole kimoja, mara nyingine bila kujua umebonyeza. Na ukimya wako sasa maana yake ni ndiyo. Ukinyamaza leo umekubali, na kesho, na mwaka kesho.

Nisiwasifu mno wazee wetu, maana hata zama zile yalikuwepo makato ambayo hayakuwa na mlango wa kutokea. Mnaikumbuka NUTA, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1964 baada ya vyama vingine kufutwa. Ada ilikatwa kabla mshahara haujafika mkononi, na nani angethubutu kuuliza? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ndiyo inayosema wazi kwamba makato ya chama yaanze kwa ridhaa ya mfanyakazi, kwa fomu iitwayo TUF 6, na kwamba anaweza kuiondoa ridhaa hiyo kwa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Hapo sheria imesema vizuri. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu chama chenye wanachama wengi kazini kufanya mapatano na mwajiri, hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala. Walimu mlioko hapa naona mnacheka. Mnajua ninachosema: mtu ametoka kwa mlango wa mbele, akakutwa dirishani akidaiwa ile ile.

Sasa niseme habari ya dada yangu, ambayo ndiyo iliyonifanya niache Kaole.

Dada yangu mkubwa anakaa Mlingotini, hapa hapa jirani. Ni mkulima wa mwani. Wale ambao hamjaiona kazi hiyo, ni kuinama kwenye maji ya chumvi saa nyingi wakati wa bamvua, ukifunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja kimoja, halafu kuuanika. Vidole vya mkulima wa mwani huwa vimelainika mpaka vimekuwa kama sabuni iliyotumika. Kumbukeni vidole hivyo, nitavirudia.

Usiku mmoja wa masika mwaka jana mjukuu wake alishikwa na homa kali, akaanza kukakamaa. Ilikuwa yapata saa saba usiku, mvua inanyesha. Dada alikuwa na simu, na alasiri ile alikuwa amenunua vocha ya shilingi 500, makusudi kabisa, kwa sababu mtoto alishinda vibaya. Akabonyeza namba ya kijana wa bodaboda. Yule mama wa kwenye simu, ambaye hajawahi kumwonea mtu huruma, akamwambia salio lake halitoshi. Akajaribu kunipigia mimi. Salio halitoshi. Akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili, akatembea na mvua mpaka nyumba yenye taa, akabisha hodi. Walipofika hospitali ya Bagamoyo, kumekaribia kupambazuka. Mtoto alipona, namshukuru Mwenyezi Mungu. Daktari alisema tu kwamba safari nyingine msichelewe hivi.

Nilipokwenda kuwajulia hali, dada akanipa simu yake. “Mdogo wangu, wewe ndiye mtu wa posta. Hebu niangalizie nani ananiibia.”

Nilivaa miwani, nikafungua ujumbe. Ulikuwapo mamia. Dada hasomi vizuri, anajua namba na majina. Ujumbe ukiingia alidhani ni mtandao unamsalimu. Kumbe alikuwa ameungwa na huduma tatu: moja ya maneno matamu ya mapenzi, moja ya ushauri wa uzazi, na moja ya matokeo ya mpira. Mwanamke wa miaka sabini na ushee. Kila moja shilingi 150 kwa siku. Zidisheni wenyewe: 450 kwa siku, 13,500 kwa mwezi. Sasa dada hakuwa akiweka shilingi 13,500 kwa mwezi kwenye simu, hana fedha hiyo. Kwa hiyo walichukua kila walichokikuta. Alasiri ile walikuta 500, wakaacha 50.

Aliungwaje? Hakuna anayejua. Huenda mjukuu alichezea simu. Huenda ni ule ujumbe unaojitokeza wenyewe katikati ya kioo, nawe unataka kupiga simu, unabonyeza “Sawa” ili uondoke, kumbe ule ndio mkataba. Nyuma ya ujumbe huo kuna kampuni nyingine kabisa, ambayo si ya simu. Inatengeneza maneno hayo matamu, inapewa namba fupi, na makato yakipatikana inagawana na mtandao. Kwa hiyo ukienda kwa mmoja anakwambia si mimi, ni yule. Haya ndiyo tuliyokutana nayo.

Chini ya kila ujumbe imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ukitaka kujitoa tuma neno ONDOA. Nikatuma ONDOA. Jibu: neno ulilotuma si sahihi. Nikatuma kwa herufi ndogo. Si sahihi. Nikatuma ACHA, nikatuma TOKA. Nikaongeza neno moja ambalo sitalisema mbele ya walimu wangu, nalo pia halikuwa sahihi. Baadaye nikagundua lazima neno ONDOA lifuatwe na nafasi na jina la huduma, na jina lenyewe limeandikwa katika ujumbe ule wa kwanza kabisa wa kukukaribisha, ambao simu ilikwisha kuufuta zamani kwa kujaa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Nilisikiliza muziki, nikabonyeza moja, nikabonyeza nne, nikabonyeza tisa, nikasikiliza muziki ule ule. Ndugu zangu, mimi nimekaa dirishani miaka mingi, najua foleni. Lakini foleni ya zamani ulikuwa unamwona aliye mbele yako, na karani akikukera unayaona macho yake. Hii unapanga foleni gizani.

Tukaenda dukani kwao mjini, mimi na dada. Kijana akatupokea kwa adabu sana. “Shikamoo babu, shikamoo bibi.” Akaniambia ili aingie kwenye laini ya bibi na kuondoa huduma, inabidi mwenye laini aweke kidole kwenye mashine. Na hapo ndipo palipozuka mambo. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, ukawa ukomo wake ni mwisho wa mwaka, Rais Magufuli akaongeza siku mpaka tarehe 20 Januari 2020. Dada alipanga foleni wakati ule na kitambulisho chake cha NIDA mkononi. Mashine ikakataa vidole vyote kumi. Vidole vya mwani. Walijaribu mara ngapi sijui. Siku zikiwa zinakwisha, mwanawe akaisajili laini kwa kidole chake yeye. Najua sheria haitaki hivyo, naomba Mwenyekiti usiniandike. Mwanawe huyo sasa yuko Muscat anafanya kazi.

Kwa hiyo hali ikawa hivi: kumuunga dada na maneno ya mapenzi hakuna aliyetaka kidole cha mtu. Kumtoa, kinatakiwa kidole kilichoko Muscat.

Kijana yule ni mtu mwema. Aliangalia huku na huku, akanionyesha jinsi ya kuingia kwenye orodha ya huduma kutoka kwenye simu yenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka tukaikuta ile ya mpira, tukaitoa. Na ile ya uzazi, tukaitoa. Ya mapenzi haikuwamo kwenye orodha. Bado inakata, ila kwenye orodha haimo.

Msidhani haya ni ya kwetu tu kwa sababu ya ushamba wetu. Nimesoma kidogo. Huko Marekani, mwaka 2023, Tume ya Biashara ya nchi ile iliishitaki kampuni ya Amazon, ikidai kwamba watu waliungwa na huduma yake ya Prime bila ridhaa ya kweli, na kwamba njia ya kujitoa ilikuwa na kurasa nne, mibonyezo sita na machaguo kumi na matano. Tume ilisema ndani ya kampuni wenyewe waliipa njia hiyo jina la Iliad, yaani ule utenzi mrefu wa Kigiriki wa vita vya Troy. Mwalimu wangu wa Fasihi uko hapa. Unaona sasa wapi elimu inapofika. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, ambazo bilioni 1.5 ni za kuwarudishia wateja, bila kukiri kosa. Tume hiyo hiyo, Oktoba 2024, ilikuwa imetunga kanuni kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Mahakama ikaitengua Julai 2025 kwa sababu taratibu za kuitunga hazikufuatwa. Kwa hiyo hata kwao mlango haujakaa sawa.

Wajerumani wamefanya jambo ambalo mimi kama karani nalipenda. Tangu tarehe 1 Julai 2022 sheria yao inataka anayeuza mikataba ya namna hii kwenye mtandao aweke kitufe kinachoonekana wazi, kimeandikwa kwamba hapa ndipo pa kuvunja mkataba. Kitufe tu. Uhindi, mwaka 2013, msimamizi wa mawasiliano aliamuru kwamba mtu asiungwe na huduma za ziada mpaka athibitishe mara mbili. Nigeria wana namba moja ya mitandao yote, 2442. Unatuma STOP, ujumbe wa matangazo unakoma. Namba moja kwa nchi nzima! Sisi tunaoweza kuhesabu watu nchi nzima, tunashindwa nini?

Kwetu sheria zipo, nisiseme hazipo. Ipo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na chini yake Kanuni za Kumlinda Mtumiaji za mwaka 2018. Utaratibu ni kwamba unaanza kulalamika kwa mtoa huduma, asipokuridhisha unakwenda TCRA. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara. Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Na kila mmoja wenu anaweza kubonyeza *106# sasa hivi akaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kuikana asiyoitambua. Mimi nilikuta moja ambayo sikuijua. Lakini sheria ya kulalamika inamsaidia anayejua kwamba ameibiwa. Dada alidhani anasalimiwa.

Nilirudi kwenye silaha yangu ya zamani. Nikaandika barua, nakala mbili, tarehe, namba ya laini, jina la huduma, kiasi kinachokatwa, na ombi la mambo mawili: itolewe, na fedha irudishwe. Nikaipeleka kwa mkono. Kijana wa dukani alishangaa. Nadhani alikuwa hajawahi kupokea barua. Nikamwomba agonge muhuri na kutia sahihi kwenye nakala yangu. Akatafuta muhuri nusu saa. Ninayo nakala hii hapa, mnaweza kuiangalia. Jibu halikuja, nami nimekwisha kuandika nyingine kwenda kwa msimamizi, nikaambatanisha ya kwanza. Naingoja. Mtu wa posta anajua kungoja.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijakaa, nina jambo moja la kwetu, nalo litanipotezea marafiki. Nilipokuwa naandika barua ile nilikumbuka kwamba mwenzetu mmoja, sitamtaja, aliandika kwa chama hiki mara mbili akiomba jina lake liondolewe kwenye orodha ya wanachama. Sababu zake anazijua mwenyewe. Hatukumjibu. Na leo asubuhi Mweka Hazina amesoma majina ya wanaodaiwa ada, na la mwenzetu huyo limesomwa, na deni la miaka minane. Nimeifungua katiba yetu. Kifungu cha kujiunga kipo, kirefu, chenye (a) mpaka (f). Kifungu cha kusimamishwa kipo. Kifungu cha kufukuzwa kipo. Cha mtu kujitoa kwa hiari yake hakimo. Tuliandika katiba kama kwamba hakuna atakayetaka kututoka isipokuwa kwa jeneza; na hata waliokwenda kwa jeneza, wawili nimewasikia katika orodha ya madeni saa mbili baada ya kuwasimamia kimya.

Kwa hiyo natoa hoja, na nitaomba mwenye kuniunga mkono anyooshe mkono wakati wa mambo mengineyo: kiongezwe kifungu kwamba mwanachama akimwandikia Katibu, hata mstari mmoja, hata kwa simu, basi amejitoa tangu siku ile, na deni linasimama pale lilipo. Na mwenzetu yule ajibiwe. Nitaiandika barua hiyo mimi mwenyewe.

Kuhusu dada: amekataa katakata kuitupa laini ile, kwa sababu ndiyo namba anayoijua mwanawe aliyeko Muscat, na wanunuzi wa mwani pia. Amefanya hila yake. Amenunua laini nyingine. Alipumzika kushika maji ya bahari siku kadhaa, akapaka mafuta ya nazi kila usiku, na mashine ikakubali dole gumba la mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo anayowekea vocha. Ile ya zamani haiwekei hata senti moja, ni ya kupokea tu. Kila siku wale wa maneno matamu wanakuja kutafuta shilingi 150 zao, wanakuta sifuri, na kesho wanarudi.

Naambiwa chai imeiva. Wenye simu zinazokata, mnikute pale barazani chini ya mkorosho. Nimekuja na miwani, na mjukuu wangu wa kidato cha pili ambaye ana vidole vyepesi kuliko mimi.